Dakika Tatu za Laini ya Nne

Mzee Dadi aliponunua jengo la ghorofa moja jirani na soko kuu la Morogoro, alinunua pamoja na vilivyomo. Shirika la umma lililokuwa na jengo hilo lilikuwa limekufa kifo cha kawaida cha mashirika ya miaka ile. Wafanyakazi walipewa barua za kupunguzwa, meza zikapigwa mnada, na mwishoni mwa orodha ya makabidhiano karani mmoja akaandika: swichibodi moja, laini za nje nne, opareta mmoja. Opareta huyo alikuwa Anastasia, mzaliwa wa Matombo, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kusomea taarifa ya habari. Alipoonyeshwa orodha hiyo alichukizwa na jambo moja tu, kwamba walimwandika wa mwisho.

Hakubakizwa kwa huruma. Mzee Dadi alikuwa mfanyabiashara wa vitenge na mabati, na huruma yake alikuwa na siku zake za kuitoa. Anastasia alibakizwa kwa sababu vyumba kumi na sita vya wapangaji vilitegemea laini nne za simu, kuomba laini mpya kulikuwa ni kuingia kwenye foleni ya miaka, na hapakuwa na mtu mwingine aliyeujua ule msitu wa waya. Mpangaji akitaka kupiga simu, taa ya chumba chake ilikuwa inawaka kwenye swichibodi. Anastasia alichomeka waya, akamuunganisha na laini iliyo wazi, kisha akaandika kwenye daftari lake saa, chumba, laini, na mwisho kabisa safu aliyoiita "hali".

Na kila baada ya dakika tatu aliingilia. Ndivyo alivyofundishwa mwaka wa sabini na mbili, wakati laini zilikuwa chache na nchi ilikuwa na mengi ya kusema. Opareta anabonyeza swichi ya kusikilizia, anauliza kwa adabu, "Mnaendelea?" Wakijibu, anatoka. Wasipojibu, anachomoa waya ili mwingine apate nafasi. Wapangaji walikuwa wamezoea hadi hawamsikii tena. Omari, fundi cherehani wa chumba cha pili, aliweza kusema "tunaendelea, mama" katikati ya ugomvi na mkwewe bila kupoteza hata neno. Mtu aliyekaa jengoni mwaka mzima, ukimuuliza kama simu yake huingiliwa, angekuapia kwamba haijawahi kutokea.

Seva ililetwa mwaka wa tisini na tisa. Wenyewe walikuwa Umoja wa Wakulima wa Viungo, chumba cha tisa, ghorofani, watu wa mdalasini na pilipili manga kutoka Matombo, Mkuyuni na vijiji vya milimani. Zamani walikuwa wakiambiwa wamuuzie nani. Sasa soko lilikuwa huria, maana yake kila mtu alikuwa huru kuhangaika. Katibu wao, Joyce, aliyesomea kilimo chuoni hapo hapo Morogoro, alikuwa amehangaika mpaka akampata mnunuzi Ujerumani. Mnunuzi alitaka maelezo ya mazao pamoja na picha za vichanja vya kukaushia, yafike kwa imeili, tena kutoka ofisini kwao wenyewe na si kwa kuazima mahali, ili ajue kwamba anafanya kazi na watu wa kupatikana. Mwisho ulikuwa Ijumaa, saa kumi jioni.

Basi wakanunua kompyuta kubwa iliyokwisha kutumika, ambayo ingeshika mtandao kwa niaba ya zile ndogo tatu za mezani, na wakamtafuta Godlisten aje kuipanga. Godlisten alitoka Machame lakini alikuwa anaishi Mafiga, ambako aliwafundisha watu kompyuta sebuleni kwake, wanafunzi wawili wawili kwa kuwa viti vilikuwa viwili. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni na tabia ya kuisemesha mashine kwa sauti ya chini pale inapomkatalia.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kupanda juu, alisimama kwenye kijumba cha swichibodi chini ya ngazi akamwamkia Anastasia. Akamweleza kwamba taa ya chumba cha tisa ikiwaka asiulize namba, kwa sababu mpigaji atakuwa mashine na hatamjibu. Ampe laini ya nje tu, atapiga mwenyewe. Anastasia alitaka kujua mashine hiyo inampigia nani. Inaipigia mashine nyingine Dar es Salaam, Godlisten akasema, zinapigiana filimbi kidogo, zikielewana ndipo barua zinapita. Anastasia akauliza kama ile filimbi ndiyo salamu yao. Godlisten alifikiri kidogo, akakubali kwamba kwa kweli ndiyo salamu. Jibu hilo lilimridhisha. Mashine inayoanza kwa salamu ilikuwa imelelewa, na akaitengea laini ya nne, ambayo haikwaruzi hata mvua ikinyesha mlimani.

Godlisten alipanda ngazi akiwa ameeleza yote ya mwanzo wa simu. Ya katikati hakuyauliza, na Anastasia hakuona sababu ya kuyasema. Nani asiyejua kazi ya opareta?

Huko juu mipangilio ikaanza. Godlisten aliiandikia seva namba ya kupigia, jina la mtumiaji, neno la siri, na zile anwani zenye nukta katikati ambazo ukikosea moja tu unaelekea kusikojulikana. Akaifundisha isingojee mlio wa simu kabla ya kupiga, kwa kuwa laini ingepitia kwanza kwa mama wa chini, haitoki moja kwa moja kwa kampuni. Saa nane na nusu mchana modemu, kile kisanduku kinachoiunganisha seva na simu, ilipiga filimbi, taa zake zikachezacheza, na Joyce akaona kwa macho yake ukurasa wa kwanza wa mtandao ukishuka taratibu mstari kwa mstari. Alikuwa bado anawaita wenziwe waje kuona pale ulipokatika.

Chini ya ngazi, Anastasia alikuwa ametazama saa ya ukutani, akaona dakika tatu zimetimia, akabonyeza swichi na kuuliza kama wanaendelea. Aliyoyasikia yalimfanya avue hedifoni. Ilikuwa kama mtu anakokota bati kwenye sakafu ya saruji. Kisha taa ikazimika. Akaandika kwenye safu ya hali: hawajibu, wamekata. Hakufurahi. Salamu nzuri namna ile, halafu kuulizwa swali dogo tu wanamkatia simu.

Ikawa hivyo Jumatatu hiyo na Jumanne nzima. Seva inapiga, inaelewana na mwenzake wa Dar, inakaa dakika tatu, inakatika. Barua ya Joyce na picha zake sita ilihitaji kama nusu saa kupita. Godlisten akaipunguzia modemu kasi. Akafuta neno la siri akaliandika upya, akabadili namba ya kupigia, akabadili modemu yenyewe kwa nyingine aliyoileta kutoka Mafiga ndani ya taulo. Dakika tatu. Kwa upande wake Anastasia alijaribu kuwa mwungwana. Alihisi labda mashine ya mambo ya Wajerumani haijui Kiswahili, kwa hiyo Jumanne mchana aliiuliza kwa Kiingereza, polepole, kama alivyofundishwa chuoni. Akapata bati lile lile.

Jumanne hiyo hiyo Godlisten aliomba apigiwe simu kwa wale wa Dar waliouza huduma, awaulize kama wao ndio wanaokata. Walizungumza dakika kumi na moja. Anastasia aliingilia mara tatu kuuliza kama wanaendelea, na mara zote tatu Godlisten akajibu "tunaendelea, mama," kisha akaendelea kumlalamikia mtu wa Dar kwamba kuna kitu kinaingilia laini na haelewi ni kitu gani. Siku mbili tu jengoni, na yeye alikuwa ameshazoea.

Kufikia Jumatano Joyce alikuwa hali chakula vizuri. Wakulima walikuwa wameshabandua magome na kuyaanika, na gome la mdalasini lililokwisha kubanduliwa halirudi kwenye mti. Alimuuliza Godlisten waziwazi kama kazi hii anaiweza. Godlisten, ambaye hakujua kudanganya, alisema mipangilio yote anaiona ni sahihi, na kwamba kama tatizo haliko kwenye seva, basi pengine ni mitambo ya simu ya zamani. Alilisema ofisini, mlango ukiwa wazi. Kabla jua halijazama lilikuwa limemfikia Mzee Dadi dukani kwake ng'ambo ya barabara, na limemfikia pia Anastasia.

Anastasia akaingiwa na hofu. Alijua kwamba mwenye nyumba anakitamani kile kijumba chini ya ngazi akiweke mashine ya fotokopi, na kwamba anachotafuta ni sababu tu. Akaamua kwamba laini ya nne haitatoa lawama mikononi mwake. Akaacha kuihudumia kila dakika tatu, akawa anaihudumia kila dakika mbili.

Alhamisi, muda mfupi baada ya chakula cha mchana, Anastasia akiwa ametoka tu kuichomekea seva laini ya nne, Mzee Dadi alimwita dukani. Alimwacha asimame kati ya marobota ya vitenge, akamwambia kwamba kesho asubuhi fundi Shabani atakuja kung'oa swichibodi na kuzigawa laini moja kwa moja vyumbani. Dunia inakwenda mbele, alisema. Anastasia akamuuliza, na yeye je? Mzee Dadi aliyatazama mabati yake kana kwamba jibu limeandikwa huko, akasema watu wa umri wake siku hizi wanapumzika.

Alivuka barabara kurudi bila kuona pikipiki wala baiskeli. Miaka ishirini na saba. Shirika zima lilikufa yeye akabaki, na sasa anaondolewa na mashine isiyojua hata kujibu ikiulizwa. Aliumia, na alipofika mlangoni alikuwa na machozi ambayo ilibidi ayasingizie vumbi, kwa kuwa Joyce alikuwa anashuka ngazi mbio, anacheka.

Joyce alimwambia kwamba imekaa. Dakika kumi na saba sasa, haijakatika, picha mbili zimeshapita. Yesu na Maria, alisema Joyce, safari hii inakwenda. Akarudi juu.

Anastasia aliingia kijumbani akaketi. Taa ya chumba cha tisa ilikuwa inawaka tuli kwenye laini ya nne. Dakika kumi na saba bila kuhudumiwa! Mkono wake ulikwenda kwenye swichi wenyewe, kama unavyokwenda kwenye kitasa cha mlango wa nyumbani, akauliza, "Mnaendelea?" Bati. Taa ikazimika. Kutoka juu ilisikika sauti ya kiti kikisukumwa, na ya Godlisten akiisemesha seva, safari hii si kwa sauti ya chini.

Seva ilipopiga tena Anastasia alichomeka waya, akaweka mikono mapajani na kuitazama saa. Dakika tatu. Tano. Sita. Taa ikaendelea kuwaka. Zilipotimia saba alibonyeza swichi kidogo sana, bila hata kuuliza, na taa ikafa mbele ya macho yake.

Sasa alijua. Na hapa lazima tumtendee haki, maana alichokifikiria kwanza ndicho ambacho hata mimi na wewe tungekifikiria. Alifikiri kunyamaza. Kesho asiiguse swichi, barua ipite, Godlisten ajione amepatia mwenyewe, na pasiwe na wa kumlaumu mtu wala mtambo. Ulikuwa mpango mzuri, na ulimpa usingizi kidogo usiku ule.

Ukafa asubuhi. Alipofika saa moja na nusu alimkuta Shabani ameshafika na sanduku lake la vifaa, amelifungua sakafuni, na Mzee Dadi amesimama nyuma yake akiwa na kanzu ya Ijumaa. Kwenye benchi alikuwa ameketi Kasiani, mwenyekiti wa wakulima, aliyeteremka na lori la ndizi kutoka Matombo alfajiri kuja kusikia habari za barua. Yeye na Anastasia walibatizwa misheni moja. Joyce alikuwa katikati ya ngazi, anamwomba Godlisten asubiri, kwa sababu Godlisten alikuwa ametangaza kwamba kilichobaki ni kufuta kila kitu ndani ya seva na kuanza mwanzo, kazi ya siku nzima, na siku nzima ndiyo hasa hawakuwa nayo.

Shabani alitoa koleo akaliinamia fungu la waya wa laini ya nne.

Anastasia alisema, "Acha kwanza. Mtambo hauna kosa. Mwenye kosa ni mimi."

Akawaeleza wote pale ngazini. Hakupunguza kitu, hata kile cha Kiingereza. Alipofikia dakika tatu, Joyce alifunika mdomo kwa mkono. Omari fundi cherehani, aliyekuwa ametoka na futi yake shingoni kuona kuna nini, alisema kwamba mbona simu zake yeye haziingiliwi. Godlisten alipanda juu, akashuka na karatasi ambazo seva huandika kila inapounganishwa na kila inapokatwa, akaomba daftari. Akaviweka sambamba kwenye ngazi. Seva ilihesabu kwa saa za kizungu, kwa hiyo alikuwa anatoa sita kila mstari, anasoma, na Anastasia anamfuata kwa kidole kwenye daftari. Saa nane thelathini na tatu, imekatwa: hawajibu, wamekata. Saa tisa na kumi, imekatwa: hawajibu, wamekata. Mistari arobaini na sita, na hakuna uliopishana hata kwa dakika moja.

Mzee Dadi alikuwa amesikiliza yote hayo huku mikono iko nyuma. "Basi imekuwa rahisi zaidi," alisema. "Mtambo mzima, opareta mbovu."

Aliyesema baada yake alikuwa Shabani, na alisema kwa kuwa alikuwa fundi na alipenda kazi ieleweke kabla hajaianza. Swichibodi ikitoka, alieleza, laini nne zitagawanywa kwa vyumba kumi na sita, vyumba vinne kila laini. Yeyote kati ya hao wanne akiinua simu yake anaingia katikati ya mazungumzo ya mwenzake, wala haulizi. Mzee Dadi akataka kujua chumba cha tisa kitakuwa pamoja na nani. Shabani alitazama mchoro wake. Na chumba cha pili, alisema, na vingine viwili.

Wote wakamgeukia Omari. Omari akasema yeye hapigi simu kiasi hicho. Akaachwa na kauli yake.

Godlisten alikunja karatasi. "Mzee, seva inataka laini isiyoguswa na mtu," alisema. "Humu ndani anayeweza kuilinda ni mmoja, naye ameshajua."

Mzee Dadi alikuwa na mengi lakini hakuwa mjinga. Aliitazama saa yake, akasema anawapa mpaka saa kumi ya wale Wajerumani. Barua ikienda, swichibodi na opareta wake watabaki. Isipoenda, Shabani ataanza na laini ya nne. Akaondoka na kanzu yake, na Shabani akaketi kwenye benchi karibu na Kasiani kusubiri.

Iliyofuata ilikuwa asubuhi mbaya kwa Godlisten, kwa kuwa katika siku nne alikuwa amebadilisha vitu vingi sana ambavyo havikuwa na kosa, na sasa hakukumbuka kipi kilikuwaje. Anastasia ndiye aliyemsaidia. Alipanda ngazi, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku za shirika, akasimama mlangoni mwa chumba cha tisa na daftari lake. Akamwambia kwamba Jumatatu saa nane na nusu mashine zilisalimiana upesi, filimbi fupi, safi. Jumanne asubuhi vilevile. Tangu Jumanne jioni wanasalimiana kwa shida, kama watu wenye kisirani. Godlisten akauliza ana hakika. Anastasia alimfungulia daftari kwenye ukurasa wa Jumatatu. Basi Godlisten akarudisha kasi ya Jumatatu, namba ya Jumatatu, modemu ya kwanza, akasoma anwani zenye nukta moja moja kwa sauti na Joyce akizihakiki kwenye karatasi. Ilikuwa imeshapita saa saba walipomaliza.

Saa nane na dakika kumi taa ya chumba cha tisa iliwaka. Anastasia alichomeka waya kwenye laini ya nne, akaandika saa, kisha akaukalia mkono wake wa kulia.

Dakika ya tatu ilipotimia mdomo wake ulifunguka wenyewe, akaufunga. Kasiani alimuuliza kwa sauti ya kanisani kama anaumwa. Akasema haumwi, anafanya kazi. Dakika ya sita Omari aliomba simu, akampa laini ya pili kwa mkono wa kushoto, na dakika tatu zake zilipokwisha alimuuliza kama anaendelea kwa nguvu kiasi kwamba Omari aliaga na kukata. Dakika ya kumi na mbili aligundua kwamba anatoka jasho. Miaka yote hii alikuwa akidhani kuuliza ndiyo kazi. Hakujua kutouliza ni kazi kubwa namna hii, na kwamba mtu anaweza kuchoka kwa jambo ambalo hakulifanya. Dakika ya ishirini Kasiani alitoa kipande cha gome la mdalasini mfukoni akamgawia nusu, wakawa wanatafuna wote wawili, macho kwenye taa.

Dakika ya thelathini na moja taa ikazimika.

Shabani alinyanyua kichwa. Kasiani akaacha kutafuna. Hakuna aliyejua kama wamemaliza au wamekatika, na mtu pekee ambaye angeweza kuuliza alikuwa ameukalia mkono. Anastasia aliandika saa nane na dakika arobaini na moja. Kwenye safu ya hali hakuandika kitu. Huko juu palikuwa kimya, kisha kiti, kisha hatua, na Joyce akatokea kwenye ngazi akishika ukuta. Akanyoosha vidole sita. Picha zote sita zimekwenda, na barua pia.

Saa tisa na nusu seva ilipiga tena kuangalia, ikarudi na mistari miwili ya Kiingereza ambayo Joyce aliisoma pale chini kwa Kiswahili. Wamepokea, wameridhika, watume sampuli. Mzee Dadi alifika saa kumi kasorobo, akaelezwa, akasoma ile mistari miwili mwenyewe kana kwamba alikuwa na shaka na tafsiri. Alimwambia Shabani kwamba madhali ameshakuja na vifaa, atengeneze ile ngazi ya tatu kutoka chini inayolegea.

Kabla ya kufungasha, Godlisten alimwomba Anastasia apande tena. Kulikuwa na mpangilio mmoja umebaki, alisema, na angependa aujaze yeye. Alimkalisha mbele ya seva akamwonyesha kisanduku kidogo cheupe kwenye kioo. Akamweleza kwamba seva ikishaunganishwa inaangalia kama bado kuna kitu kinapita. Kukiwa na kimya kwa muda fulani inajua wamemaliza, inakata yenyewe, ili laini ipate mtu mwingine. Hapo ndipo panapoandikwa dakika za kimya.

Anastasia aliinama kukitazama kile kisanduku.

"Kwa hiyo nayo inauliza kama wanaendelea," alisema.

"Inauliza, mama. Ila haitoi sauti."

Hakujua kama afurahi au alie, na alifanya kidogo kidogo ya yote mawili. Mahali fulani, watu asiowajua walikuwa wamekaa wakafikiria lile lile alilofundishwa yeye mwaka wa sabini na mbili, kwamba laini ni ya wote na asiye na la kusema ampishe mwenzake. Akanyoosha kidole, akaitafuta namba, akabonyeza tatu.

Alishuka ngazi kwa uangalifu, akiipita ile ya Shabani iliyokuwa bado wazi, akaketi mahali pake. Haikupita muda taa ya chumba cha tisa ikawaka. Joyce alikuwa anamwandikia Mjerumani kumshukuru. Anastasia alichomeka waya, akaandika saa, chumba, laini. Dakika tatu zilipita, na ya nne. Akachukua kalamu, na kwenye safu ya hali, ambayo kwa miaka ishirini na saba hakuwahi kuijaza bila kwanza kuuliza, akaandika: wanaendelea.